Mto wa Mama Mkwe

Mwezi wa kwanza wote binti yetu aliamka kwa chafya. Nilimsikia kutoka chumba cha pili kabla jogoo wa jirani hajawika, nikawa nazihesabu gizani: 11, 12, 13, kimya kidogo, kisha 14. Alikuwa na miaka 9. Akija kunywa chai macho yamemvimba, mekundu, na kiganja kinasukuma ncha ya pua kwenda juu, tena na tena, hata pua ikajichora mkunjo mdogo wa kukingama ambao sikuwahi kuuona kwa mtoto yeyote wa ukoo wetu. Ikifika saa nne amepata nafuu, anaruka kamba na wenzake. Najua, kwa sababu nafundisha shule hiyohiyo na dirisha la darasa langu linatazama uwanja. Usiku ukiingia pua inaziba upya, na alfajiri naanza tena kuhesabu.

Kisangani ni mji wa maji. Lualaba inatoka kusini, inavunjikavunjika kwenye maporomoko ya Boyoma, inapita katikati ya miti na mitego ya wavuvi Wagenia, na kuanzia hapo inaitwa Kongo. Upande wa kaskazini kuna Tshopo, mto ulioipa jina komini yetu na jimbo zima, unaozungusha mitambo ya umeme kabla ya kwenda kukutana na Lindi. Kutoka kizingiti changu hadi ukingo wa Tshopo ni mwendo wa dakika tano. Usiku watu wakinyamaza unausikia.

Mtoto akiugua kwetu, neno la kwanza ni malaria, na mzazi anayelitanguliza neno hilo hakosei, maana malaria bado inatuulia watoto. Tulimpima. Hakuna kitu. Siku kumi baadaye tukampima tena, hakuna kitu. Mwili hauna joto, sombe, yaani majani ya muhogo, anakula na kuomba nyongeza. Baba watoto ni seremala; akaanza kuogopa vumbi la mbao linalomfuata kutoka karakana, akawa anaoga na kubadili nguo kabla hajamkumbatia mtoto. Nilimpenda sana wiki ile. Chafya hazikupungua.

Muuzaji wa farmasi moja ya mtaani akanipa matone ya kuzibua pua. Usiku wa kwanza pua ilifunguka ndani ya dakika chache, mtoto akalala kinywa kimefungwa, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti. Hakuna aliyeniambia kwamba matone ya namna ile yanabana mishipa midogo ya damu iliyo puani, na kwamba mishipa ikizoea kubanwa, dawa inapokwisha nguvu huvimba kuliko mwanzo. Hata mtu mzima hatakiwi kuyatumia kupita siku chache, na mtoto hapewi bila neno la daktari. Mimi niliyatia asubuhi na jioni kwa siku 16. Mwishoni pua ilikuwa inaziba saa mbili tu baada ya tone, na mtoto mwenyewe ndiye aliyekuwa akiniletea chupa. Nikarudi farmasi, nikapewa vidonge vidogo vya njano. Vilikausha kamasi, lakini vilimlaza juu ya daftari la hesabu mara tatu katika wiki moja. Mwalimu wake ndiye aliyelitamka lile neno. Alinivuta kando wakati wa mapumziko akaniambia, "Mama, huyu hana mafua. Hii ni alerji."

Nikaenda kusoma, kwa kuwa ndiyo njia pekee ninayoijua ya kupambana na kitu. Kwa Kifaransa, lugha ya vitabu vyetu vya shule, ugonjwa huu una jina la mafua ya nyasi kavu, na vitabu vinauweka kwenye majira ya kuchipua, baridi inapokwisha Ulaya na miti na nyasi zikaanza kumwaga chavua. Daktari Mwingereza, John Bostock, aliueleza mbele ya madaktari wenzake London mwaka 1819, na mgonjwa aliyemweleza alikuwa yeye mwenyewe: kila mwaka katikati ya mwezi wa sita, tangu utotoni, macho yalimwasha, pua ikatiririka, kifua kikambana. Watu wakadhani ni harufu ya nyasi zinazokaushwa kwa ajili ya mifugo. Baadaye Charles Blackley wa Manchester, naye mgonjwa, alijinusisha chavua za mimea mbalimbali, akarusha tiara zilizobeba vipande vya kioo vyenye kunata, kisha akazihesabu chavua zilizonaswa huko juu. Kitabu chake cha mwaka 1873 kikaonyesha kwamba mkosaji ni chavua. Neno alerji lenyewe lilitungwa na daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet, mwaka 1906. Nilisoma haya usiku kwa taa ya betri, mtoto akikoroma upande wa pili wa ukuta, na moyo wangu ukawa pamoja na hao wazee waliokuwa na pua kama ya mwanangu.

Lakini majira ya kuchipua, kwetu, ni yapi? Tuko nusu digrii tu kaskazini ya ikweta. Mvua inanyesha miezi yote. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa pili inapungua, basi. Nikajiuliza ni kitu gani mtaani petu kinachokuja mwezi wa kwanza na kuondoka. Nikakumbuka pia kwamba mwaka uliotangulia, majira hayohayo, mtoto alikuwa na mafua yasiyoisha tuliyoyadharau. Asubuhi nikatoka na ndoo, na jibu likaniangukia begani, jeupe, jepesi kuliko unyoya.

Lupango ya jirani, yaani kiwanja chake, ina msufi ambao watu wanne wakishikana mikono hawaumalizi. Mizizi yake imesimama juu ya ardhi kama kuta za nyumba isiyoezekwa. Mvua ikipungua matunda yake yanakauka na kupasuka, na sufi inaelea mtaa mzima: juu ya mabati, ndani ya sufuria, kwenye nywele za watoto wanaotoka masomo. Nikamwita baba watoto. Akatazama juu kwa muda mrefu, naye akaleta ushahidi wake. Wakati wa Noeli mtoto alikwenda kwa shangazi yake Lubunga, ng'ambo ya Kongo, akalala huko siku tano bila kupiga chafya hata moja. Aliporudi kwa mtumbwi, kesho yake alfajiri zikaanza. "Kule hakuna huu mti," alisema. "Mimi naujua msumeno wa kuuangusha."

Tulikwenda wote wawili kwa mwenye mti, jioni, na sahani ya mikate ya ndizi, kwa sababu jambo zito haliendewi mikono mitupu. Yule ni mzee aliyefanya kazi miaka mingi Yangambi, kilomita kama 100 ukiteremka na mto, kwenye vituo vya utafiti wa kilimo vya taasisi ambayo Wabelgiji waliianzisha mwaka 1933. Mikono yake imebandika majani makavu kwenye karatasi maisha yake yote. Alitusikiliza hadi mwisho. Hakukasirika. Alituomba tukae kidogo, giza liingie.

Giza likaingia. Alituelekeza kidole kwenye tawi la mwisho, ambalo matunda yake yalikuwa bado machanga na maua yangali yanafunguka. Tukasikia kwanza mabawa. Kisha popo, wakubwa, wanajitupa kwenye maua, wanazamisha uso, wanaondoka na vifua vimepakwa unga. "Watoto wangu," mzee akasema, "msufi unafungua ua lake usiku kwa ajili ya hawa. Chavua yake ni nzito, inanata, inataka manyoya ya popo. Upepo hauibebi kuipeleka puani kwa mtoto. Chavua inayosafiri na upepo ni ya nyasi, na nyasi ziko hapa na ziko Lubunga. Msufi pia uko Lubunga, nimeuona kwa macho yangu. Na hii nyeupe inayoruka si chavua, ni vazi la mbegu." Akamtazama baba watoto. "Ukikata mti huu, mtoto ataendelea kupiga chafya, na mimi sitakuwa na kivuli."

Tulirudi nyumbani tumetahayari. Nakiri kwamba sehemu ya moyo wangu ilibaki na hasira: nilitaka adui mwenye shina ninayeweza kumwonyesha kidole.

Siku mbili baadaye alipiga simu shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, anayesomea uuguzi Dar es Salaam. Nikamweleza kila kitu, matone, vidonge, msufi, popo. Alinyamaza akifikiri, kisha akasema, "Shemeji, mimi ningeanza na mto. Mto unashika unyevu, na mtoto anauvuta usiku kucha. Ndiyo maana asubuhi inakuwa mbaya. Uchunguzeni huo mto, ni wa miaka..." Salio likamwishia. Tulijaribu kumpigia, mtandao ukakataa siku ile na ya pili.

Hapa lazima nieleze jambo la lugha. Nyumbani kwetu kile unachowekea kichwa usiku tumezoea kukiita oreye, neno tulilolitoa kwenye Kifaransa na kulivua viatu. Mto, kwetu, ni ule unaovuma nje. Na maneno ya shemeji yaliingia kwenye maisha yetu bila kubakiza pengo: unyevu tunao, ukungu wa Tshopo unapanda alfajiri hadi kwenye vichaka vya ndizi, na mtoto analala chumba cha kaskazini kinachotazama maji. Kila kitu kilikaa mahali pake. Baba watoto akaleta mbao, akapigilia dirisha la chumba cha mtoto kwa nje. Mimi nikatundika vitenge viwili vizito, vikwembe kwa lugha yetu, kwa ndani na kuziba nyufa kwa magazeti. Mlango ukawa unafungwa saa kumi na mbili jioni. Tulifanya kazi ile kwa upendo mkubwa na ustadi mkubwa, na mtoto wetu akalala ndani ya chumba kile wiki tatu.

Mwisho wa wiki ya pili ukuta nyuma ya kitanda ulitoa madoa meusi ya ukungu. Nguo zake zilinuka kabati la kale. Chafya zikawa mchana pia. Nilipomwuliza usiku anasikiaje, alisema, "Mama, hewa ya mle imechoka."

Usiku wa Ijumaa moja nilisikia sauti ambayo haikuwa chafya. Nilimkuta amekaa, mabega yamepanda, mikono imeshika magoti, na kila pumzi inayotoka inalia filimbi nyembamba. Hakuweza kumaliza sentensi. Baba watoto alimwamsha kijana wa jirani anayefanya toleka, yaani anayebeba abiria kwa baiskeli, akaazima baiskeli yake, na tukaondoka, yeye anakanyaga, mimi nimekaa nyuma nimempakata mtoto, mgongo wake kifuani kwangu ili nizisikie pumzi. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Sijawahi kuona njia ile ni ndefu kama usiku ule, na nimeipita miaka 20.

Hospitalini walimpokea. Walimvutisha salbutamoli kwa kipande cha chupa ya plastiki kilichotobolewa kuwa kama kikombe cha kupumulia, na ndani ya robo saa mabega yakashuka. Mwenzangu unayelea, filimbi ile ukiisikia, au ukiona mbavu zinaingia ndani mtoto anapovuta pumzi, usingoje asubuhi.

Kulipokucha alikuja daktari wa kike, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Hakuandika dawa kwanza. Alivuta kiti akauliza maswali kama mtu anayetafuta ufunguo uliopotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Anapiga chafya saa ngapi? Chumba gani? Akiwa shuleni? Akiwa safarini? Nikamwambia habari za Lubunga. "Kule alilala wapi?" Kwa shangazi yake, chini, kwenye mkeka, na binamu zake. "Kichwa alikiwekea nini?" Nikamtazama mtoto. "Mkono wangu," mtoto akasema. "Na nyumbani?" Mtoto akacheka kwa mara ya kwanza tangu usiku. "Oreye ya koko," yaani ya bibi yake.

Daktari akaweka kalamu chini. "Ya kitu gani ndani?"

Nikasema sufi. Na niliposema sufi nikasikia sauti ya shemeji kutoka Dar es Salaam, safi kabisa: mimi ningeanza na mto.

Kila mjukuu anapozaliwa, mama mkwe anamshonea mto. Foronya anaikata kwenye kikwembe alichovaa siku aliyokuja kumpokea mtoto; wa binti yetu ni wa buluu, una ndege wa manjano. Sufi anaiokota mwenyewe na kuitoa mbegu moja moja kwa vidole. Na kila mwaka, mwezi wa kumi na mbili, msufi unapofungua matunda, anapita nyumba za watoto wake, anafumua mshono, anasugua na kuchambua sufi iliyolala, anaongeza mpya juu yake, anashona. Hilo tulikuwa tumelizoea kama Noeli yenyewe. Hatukuwahi kufikiri kwamba majira tuliyokuwa tunayatafuta juu ya mti yalikuwa yanaingia kwa mlango, yamebebwa na mwanamke anayetupenda.

Daktari alituchorea mdudu kwenye karatasi ya dawa. Utitiri wa vumbi. Ana urefu wa kama theluthi moja ya milimita, jicho halimwoni. Haumi, hanyonyi damu. Anakula vipande vya ngozi vinavyotudondoka tukilala, na hana haja ya kunywa, kwa kuwa anafyonza maji kutoka hewani; hewa ikikauka chini ya nusu ya unyevu inaoweza kubeba, anakauka naye. Kisangani hewa haikauki hivyo. Kinachomwasha mtoto ni kinyesi cha mdudu huyo na mabaki ya mwili wake, ambavyo vinakuwa vumbi laini kuliko unga wa muhogo, na ukiugeuza mto, vumbi hilo linapanda. Madaktari wa Uholanzi, Reindert Voorhorst na wenzake wa Leiden, ndio walioonyesha katika miaka ya 1960 kwamba wengi waliosemekana wana alerji ya vumbi la nyumba, shida yao ni utitiri. Na ukungu mweusi wa ukutani nao unaleta alerji. Nilimwuliza kwa sauti ndogo kuhusu kufunga dirisha. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba chumba kile tulikuwa tumemtengenezea utitiri hali ya hewa anayoipenda.

Baba watoto aling'oa mbao zote jioni ileile. Mimi nikauchukua mto hadi nyuma ya karakana, nikajifunga kitambaa puani, nikakata uzi. Juu kulikuwa na sufi ya mwaka huo, nyeupe, inang'aa. Chini yake ya rangi ya maziwa. Chini zaidi ya rangi ya chai, kisha kahawia, imegandamana kama udongo, na katikati kabisa donge moja gumu ambalo lilikuwa limelala humo tangu mtoto ana siku nane. Baba watoto, aliyezoea kusoma umri wa ubao, alifuata matabaka kwa kijiti: "Huu mwaka wa masomo ya kwanza. Huu aliota meno." Tulikaa pale hadi mbu wakatufukuza.

Shemeji alipopatikana kwenye simu alishangaa. "Mto wa kulalia, shemeji! Wa maji ningewaambia muuchunguze vipi?" Kisha akasikia habari za usiku wa toleka, akanyamaza, akasema pole mara nyingi.

Kazi ya nyumba ilituchukua wiki mbili. Ukuta tuliusugua kwa mai ya javeli, yaani maji ya klorini, mtoto akiwa kwa jirani. Godoro la sponji lilikaa juani kila siku yenye jua kuanzia saa nne hadi saa tisa, likapigwa kwa fimbo mbali na nyumba, kisha fundi akalishonea mfuko wa nailoni nene unaoziba pande zote, shuka juu yake. Mashuka sasa yanafuliwa kila wiki kwa maji ambayo mkono hauyavumilii, nyuzi joto 60 na zaidi, kwa maana maji ya baridi yanamwogesha utitiri na kumwacha hai. Chandarua ndicho kilichonipa wasiwasi: kimetiwa dawa ya mbu, na maji moto na jua kali vinaiua dawa hiyo. Hatuwezi kumwokoa mtoto na chafya tukampa malaria. Kwa hiyo chandarua kinafuliwa taratibu kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, mara chache, kinaanikwa kivulini. Matone ya kuzibua pua tuliyaacha, na siku nane za kwanza zilikuwa ngumu, mtoto alilia usiku akitaka chupa yake. Badala yake daktari alimpa setirizini, ambayo haimlazi darasani, dawa ya kupuliza puani inayotuliza uvimbe polepole, na kipulizio cha kifua cha kukaa nyumbani. Na maji ya chumvi: nusu lita iliyochemshwa na kupoa, kijiko kidogo cha chumvi, anainama juu ya beseni, yanaingia tundu moja na kutoka la pili. Maji ambayo hayakuchemshwa hayaingii puani kwa mtu. Mwanzoni alichukia. Sasa anawafanyia maonyesho binamu zake.

Mto wenyewe niliuficha. Nilisema kwamba nitamweleza mama mkwe, na Jumapili mbili zilipita sijamweleza. Kila anapokuja kutoka Mangobo baada ya misa, anakaa kwenye kitanda cha mjukuu kumsuka. Jumapili ya tatu aliweka kiganja mahali pa kichwa akapapasa shuka tupu. Hakuuliza kitu. Alimaliza kusuka. Alipokuja jikoni, alisimama mbele ya mbabula na mikono imefungwa ndani ya kikwembe.

"Binti yangu, oreye iko wapi?"

Nikampeleka nyuma ya karakana. Nilikuwa nimeuweka ndani ya mfuko wa saruji, foronya ya ndege wa manjano imekunjwa pembeni. Nikamweleza jinsi daktari alivyonieleza, bila kuruka, na bila kupamba. Alichutama. Alichukua donge la katikati akaliweka kwenye kiganja, akaligeuza.

"Ni mimi niliyemuumiza?"

Maneno niliyokuwa nimeyapanga wiki tatu yalinitoka yote. "Mama, sisi wote hatukujua. Ni sufi ya zamani iliyoumiza."

"Na mimi ndiye niliyekuwa naikoroga kila mwaka." Alilisema hilo polepole, kama anayesahihisha hesabu. Machozi yalimtoka, akayaacha yapite. Nilichutama karibu naye na tukakaa hivyo, mabega yamegusana, hadi mtoto akaja na nywele zake mpya kuuliza kwa nini koko analia. Mama mkwe akamwambia atafute sufuria kubwa.

Alichemsha foronya mwenyewe. Sufi yote, nyeupe na ya kale, aliizika. Kisha akaomba vikwembe vyangu vilivyochakaa, vinne, akavichemsha, akavianika, na jua liliposhuka akavikunja tabaka juu ya tabaka, akaviingiza ndani ya ndege wa manjano. Hakushona mdomo. Aliweka vifungo vitatu. "Kila Jumamosi unafungua, unachemsha vyote, unarudisha," alimwambia mjukuu, na akamfundisha kukunja. Mtoto aliujaribu, akasema ni mgumu kidogo, akalala. Asubuhi nilihesabu chafya 2. Siku za mvua ya kwanza, na siku ninazofagia nikasahau kunyunyiza maji, bado zinafika 5 au 6.

Mama mkwe ana wajukuu 7. Jumapili ile, alipokuwa anaaga, alisimama mlangoni kama aliyesahau kitu. "Yule mdogo wa Kabondo," akasema, "anakohoa usiku tangu Noeli. Mama yake anasema ni baridi." Hakungoja nimjibu.

Jumapili iliyofuata hakwenda misa ya kwanza. Niliona toleka inakata kona, kijana amesimama juu ya pedali kwa uzito, na nyuma mama mkwe ameketi wima, amekumbatia mfuko mkubwa wa saruji uliofungwa kamba. Nilitoka kumpokea. Ndani kulikuwa na mito sita, ya rangi sita. Aliiweka chini ya msufi wa mzee, upande upepo unakokwenda mbali na nyumba, akajifunga kitambaa puani, akaomba mkasi.